Bunge lipime vita au liache? Njia nne zilizojaribiwa Washington, zikilinganishwa

Mwaka 2007 Bunge la Marekani liliandika ndani ya sheria vigezo 18 vya kupima kama vita vya Iraq vinafanikiwa. Vita vile vimekwisha, ubishi wake haujaisha. Anayetakiwa leo kuchagua upande, awe mwanachuo anayeandaa mdahalo, mwandishi wa safu, mtafiti wa kamati ya ulinzi au Mswahili wa Minnesota mwenye kura yake na mtoto jeshini, huletewa swali lililokaa vibaya: Bunge liweke vigezo au lisiweke? Kwa hilo hakukuwa na ugomvi mkubwa. Rais George W. Bush mwenyewe alitaja vigezo vyake katika hotuba ya tarehe 10 Januari 2007, usiku ule alipotangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000. Ripoti ya James Baker na Lee Hamilton, mmoja Mrepublikani na mwenzake Mdemokrati, ilikuwa imeshapendekeza jambo hilo Desemba 2006. Kilichogawa vyama ni mambo mawili: nani ashike rula, na nini kifuate alama isipofikiwa.

Ukiuliza hivyo, njia haziwi mbili tena. Ni nne, na zote zimewahi kutumika au kupigiwa kura Washington.

Maswali ya kulinganishia

Kila njia hapa chini itaulizwa maswali yale yale.

La kwanza ni *anayepima*. Rais na majenerali wana taarifa za uwanja wa vita ambazo Bunge halina, lakini pia ndio wanaopimwa.

La pili ni *kinachopimwa*, yaani ni kazi ya nani hasa. Hapa wasomaji wengi hupitwa. Vigezo vya Iraq kwa sehemu kubwa havikulipima jeshi la Marekani. Viliipima serikali ya Waziri Mkuu Nouri al-Maliki na bunge la Baghdad. Askari wa Marekani aliweza kufanya kazi yake yote barabara na kigezo kikaanguka vilevile, kwa sababu vyama vya Baghdad havikuelewana kuhusu mafuta.

La tatu ni *kinachofuata*, kigezo kikianguka na hata kikitimia. Wapo wanaosema: Wairaqi wakishindwa tuondoke, maana hawatajituma tukiendelea kuwabeba. Wapo wanaosema: wakishindwa tukae, maana hawajaweza kusimama. Kigezo ni kimoja, mishale miwili inaelekea kinyume. Sheria isiyosema mshale unaelekea wapi humwachia kila mtu ajisomee apendavyo, na ndivyo ilivyotokea.

La nne ni *inapoharibikia*, na la tano *inamfaa nani*.

Njia ya kwanza: Bunge litoe fedha, vigezo abaki navyo Rais

Huu ndio uliokuwa msimamo wa Ikulu na Warepublikani wengi mwanzoni mwa 2007. Hoja yake si dhaifu. Katiba ya Marekani inamtaja amiri jeshi mkuu mmoja, si wabunge 535. Adui naye anasoma magazeti, na ukimtangazia masharti yako anajua asubiri nini na avuruge wapi.

*Anayepima* ni Ikulu na kamanda wake uwanjani, wakati ule Jenerali David Petraeus.

*Kinachopimwa* ni kile Rais anachochagua. Katika hotuba ya Januari Bush alitaja Iraq kushika usalama wa mikoa yote ifikapo Novemba, kutumia dola bilioni 10 za Iraq yenyewe katika ujenzi mpya, sheria ya kugawana mapato ya mafuta, uchaguzi wa mikoa, na kulegezwa kwa sheria zilizowafungia nje ya utumishi waliokuwa wanachama wa Baath, chama cha Saddam Hussein.

*Kinachofuata* ni kimya. Novemba 2007 ilipoisha, mikoa iliyokuwa imekabidhiwa ilikuwa 8 kati ya 18. Rais alikikosa kigezo chake mwenyewe na hakuna kifungu cha sheria kilichoguswa.

*Inapoharibikia* Waswahili walishasema zamani: kesi ya nyani ukimpa ngedere. Anayepanga mtihani, anayeufanya na anayeusahihisha ni mtu mmoja. Lakini usiipuuze faida yake kubwa, ambayo ni wepesi wa kugeuka. Kilichobadilisha sura ya vita katika mkoa wa Anbar ni makabila ya Kisunni yaliyogeuka dhidi ya al-Qaeda kuanzia 2006, vuguvugu lililoitwa Sahwa. Makamanda waliona mlango ukifunguka, wakaingia, na baadaye wakawalipa maelfu ya wanaume hao mishahara. Katika vigezo 18 vya sheria, Sahwa haimo hata kwa jina.

*Inamfaa* anayeamini kwamba vita hubadilika haraka kuliko sheria, na ambaye bado anamwamini aliyeko Ikulu. Jiulize tu kama ungeikubali njia hii Ikulu ikiwa mikononi mwa chama usichokipenda.

Njia ya pili: vigezo vya sheria, adhabu hafifu

Hii ndiyo iliyoshinda, na ndiyo yenye mengi ya kujifunza. Sheria namba 110-28 ilisainiwa tarehe 25 Mei 2007 ikiwa bajeti ya nyongeza ya vita. Kifungu chake cha 1314 kiliorodhesha vigezo 18, na lugha yake ilitokana kwa kiasi kikubwa na pendekezo la Seneta John Warner, Mrepublikani wa Virginia.

Tazama kura, maana zinawashangaza wanaodhani vigezo vilikuwa mali ya Wademokrati. Katika Baraza la Wawakilishi fungu la fedha za vita lilipita kwa kura 280 dhidi ya 142. Warepublikani waliounga mkono walikuwa 194, Wademokrati 86 tu. Wademokrati 140 walikataa, kwa sababu tarehe ya kuondoka ilikuwa imeng'olewa. Seneti ilipitisha kwa 80 dhidi ya 14, na kati ya hao 14 walikuwamo Barack Obama na Hillary Clinton.

*Anayepima.* Rula zilitolewa tatu. Rais alitakiwa kuleta ripoti mbili, ya kwanza ifikapo tarehe 15 Julai na ya pili 15 Septemba. GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge, ambayo msomaji wa Tanzania anaweza kuifananisha na ofisi ya CAG, ilitakiwa kuleta yake ifikapo tarehe 1 Septemba. Tume huru ilitakiwa kuangalia majeshi ya Iraq peke yake. Hiyo iliongozwa na jenerali mstaafu James Jones na ilikuwa na watu 20.

*Kinachopimwa.* Vigezo vya kutunga sheria vilikuwamo: mafuta, waliokuwa wa Baath, msamaha, mikoa, kupitia upya katiba. Vya usalama vilikuwamo pia: brigedi tatu za Iraq kusaidia operesheni za Baghdad, kupunguza mauaji ya kimadhehebu, kuvunja nguvu za wanamgambo mitaani. Kimoja kilihusu fedha, zile dola bilioni 10.

Sasa soma vitenzi, kwa sababu vita vyote vya ripoti vilikuwa ndani ya vitenzi. Rais aliambiwa aseme kama yapo *maendeleo ya kuridhisha kuelekea* kila kigezo. GAO iliambiwa iseme kama kigezo *kimetimia au hakijatimia*. Maswali mawili tofauti, ndani ya kifungu kimoja. Julai Ikulu ikaripoti maendeleo ya kuridhisha katika vigezo 8, yasiyoridhisha katika 8, na mchanganyiko katika 2. Mwanzoni mwa Septemba GAO ikaja na yake: vilivyotimia 3, vilivyotimia kwa sehemu 4, ambavyo havijatimia 11. Hilo la "kwa sehemu" GAO iliongeza yenyewe, maana sheria ilitaka ndiyo au hapana.

Chukua kigezo cha kwanza kabisa: kuunda Kamati ya Kupitia Katiba na kisha kukamilisha mapitio hayo. Kamati ilikuwepo na ilikuwa inakaa. Ikulu ikasema inaridhisha. Mapitio hayakukamilika. GAO ikasema hakijatimia. Hakuna aliyedanganya. Aliyeandika kigezo alifunga vitendo viwili kwa kamba moja, kila msomaji akashika ncha yake.

Au chukua zile bilioni 10. Sheria ilisema kutenga *na* kutumia. Iraq ilizitenga, Ikulu ikaridhika. GAO ikafungua vitabu ikakuta wizara za serikali kuu zimetumia dola bilioni 1.5 kufikia katikati ya Julai, yaani asilimia 15, ikaandika "kwa sehemu". Upande wa pili, vituo vya pamoja vya usalama mitaani Baghdad vilivyokuwa vimefunguliwa ni 32 kati ya 34 vilivyopangwa, na GAO ikahesabu kigezo kimetimia ijapokuwa sheria inasema vituo *vyote*. Hata mkaguzi ana jicho la huruma siku nyingine.

Kigezo cha kupunguza mauaji ya kimadhehebu ndicho kilichowagombanisha zaidi. Jeshi lilihesabu mauaji ya kimadhehebu peke yake na kuonyesha yanashuka. GAO ikasema ni vigumu kujua nia ya muuaji kwa kuiona maiti, na kwamba mashambulizi dhidi ya raia kwa siku yamebaki karibu pale pale. Tarehe 10 na 11 Septemba Petraeus na Balozi Ryan Crocker wakahojiwa bungeni, jenerali akiwa na chati zake. Kila upande ulitoka na namba iliyousaidia.

*Kinachofuata.* Sehemu ya msaada wa kiuchumi kwa Iraq ilifungwa kwa maendeleo ya vigezo, lakini Rais akapewa ruhusa ya kuliweka sharti kando. Askari hawakuguswa na sharti lolote. Funika kombe mwanaharamu apite: Wademokrati wakapata vigezo, Warepublikani wakapata fedha.

*Inapoharibikia.* Vigezo vilivyogoma Septemba vingine vilikuja kutembea baada ya watu kuacha kuvitazama. Sheria kuhusu waliokuwa wa Baath ilipita bungeni Baghdad Januari 2008. Tarehe 13 Februari zikapita kwa mpigo sheria ya mamlaka ya mikoa, ya msamaha na bajeti. Uchaguzi wa mikoa ulifanyika tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya mwaka mzima baada ya muda uliotajwa na Bush. Ile ya mafuta imebaki kiporo hadi leo. Ratiba ya ripoti ilifuata kalenda ya bajeti ya Washington, na Baghdad ilikuwa na kalenda yake. Tena, sheria kupita si sheria kutekelezwa, na vigezo vingi viliishia pale kwenye kupita.

*Inamfaa* anayetaka ukweli uwekwe hadharani hata kama hautabadilisha amri. Kwa mwandishi wa habari na mtafiti njia hii ni dhahabu: bila kifungu cha 1314 zile bilioni 1.5 zisingewekwa kando ya kumi mbele ya macho ya wote. Kwa anayetaka askari waondoke, ni karatasi.

Njia ya tatu: vigezo vilivyofungwa kwenye tarehe ya kuondoka

Hiki ndicho walichotaka Wademokrati kwanza. Muswada namba 1591 ulipita Baraza la Wawakilishi tarehe 23 Machi 2007 kwa kura 218 dhidi ya 212, Warepublikani wawili tu wakiunga mkono na Wademokrati 14 wakipinga. Toleo la mwisho lilipita Aprili, 218 kwa 208, na Seneti 51 kwa 46. Bush akaupigia kura ya turufu tarehe 1 Mei. Kesho yake jaribio la kuitangua likapata 222 dhidi ya 203, mbali sana na theluthi mbili.

*Anayepima* alikuwa bado Rais, kwa cheti chake.

*Kinachopimwa* kilikuwa karibu kile kile: mafuta, Baath, wanamgambo, bilioni 10.

*Kinachofuata* ndicho kilichobadilika, na hapa wachambuzi wengi husoma haraka. Rais asipothibitisha maendeleo, kuondoka kungeanza tarehe 1 Julai 2007. Akithibitisha, kungeanza tarehe 1 Oktoba. Matawi yote mawili yaliishia mlangoni, na lengo, si sharti, lilikuwa kumaliza ndani ya siku 180. Kwa hiyo vigezo havikuamua *kama* askari wataondoka. Viliamua miezi mitatu. Anayeutetea muswada huu akubali kwamba ulikuwa muswada wa tarehe uliovaa koti la vigezo. Anayeushambulia naye akubali kwamba tarehe yake ya mwisho haikuwa amri.

Seneta Obama alikuwa ameleta muswada wake mwezi Januari uliopanga mshale kwa namna nyingine: brigedi za mapigano ziondoke ifikapo tarehe 31 Machi 2008, ila Iraq ikitimiza vigezo, kuondoka kuweze kusimamishwa. Hapo angalau kigezo kilikuwa na kazi. Anayefaulu anabakiziwa msaada, anayezembea anaupoteza.

*Inapoharibikia.* Kwanza ni hesabu. Njia hii inahitaji theluthi mbili Rais akipinga, na Seneti inahitaji kura 60 kabla ya hata kufikia kura yenyewe. Julai 2007 pendekezo la maseneta Carl Levin na Jack Reed la kuondoa askari lilikwama kwa 52 dhidi ya 47 baada ya kikao cha usiku kucha. Pili ni kwamba vigezo vilipima bunge la Baghdad lakini mwenye kulipia angekuwa mkazi wa Baghdad, ambaye hakupiga kura katika bunge lolote kati ya hayo mawili, la Baghdad wala la Washington. Warepublikani walilisema hilo sana. Wademokrati walijibu kwamba miaka minne ya hundi isiyo na masharti haikumlinda mkazi huyo pia, na mauaji ya 2006 yalikuwa ushahidi wao.

*Inamfaa* anayeamini kwamba serikali inayosaidiwa haitaamka bila kuona saa ukutani, na aliye na wingi wa kura wa kweli, si wa kubahatisha.

Njia ya nne: tarehe au kukata fedha, bila vigezo

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Somalia. Baada ya mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, yaliyoua askari 18 wa Marekani, Rais Bill Clinton alitangaza kuondoka ifikapo tarehe 31 Machi 1994. Seneta Robert Byrd, wa chama kile kile cha Clinton, akaitia tarehe hiyo katika sheria ya bajeti: baada ya siku hiyo fedha za operesheni zinakatwa, isipokuwa kwa kazi chache kama kulinda wanadiplomasia. Seneti ikakubali kwa 76 dhidi ya 23.

*Anayepima* ni kalenda. *Kinachopimwa* hakuna. *Kinachofuata* kiko wazi kuliko katika njia nyingine zote, na kweli wanajeshi walikuwa wameondoka kabla ya mwezi kwisha.

*Inapoharibikia.* Kalenda haiulizi nyuma kumebaki nini. Jeshi la Umoja wa Mataifa lilibaki Somalia mwaka mmoja zaidi, nalo likaondoka bila serikali kusimama. Wiki mbili hivi baada ya Wamarekani kutoka Mogadishu yakaanza mauaji ya kimbari Rwanda, na Washington iliyokuwa bado na kidonda cha Mogadishu haikutaka kusikia habari ya operesheni nyingine.

*Inamfaa* anayeona kwamba lengo lenyewe limeshakufa. Kupima safari isiyo na mwisho ni kupoteza muda, ni bora kusema siku ya kushuka.

Vyama hubadilishana viti

Msomaji anayetaka kujua chama gani kina msimamo wa kweli kuhusu jambo hili atachoka bure. Seneta John McCain alitaka askari watoke Somalia mara moja mwaka 1993. Mwaka 2007 alikuwa mpinzani mkubwa wa tarehe za Iraq. Bosnia, Clinton alisema mwaka 1995 kwamba askari watakaa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, ikaja miezi 18, nayo ikaelekea kuisha, na Desemba 1997 akaiacha tarehe na kuhamia kwenye vigezo. Bunge lililokuwa la Warepublikani ndilo likaanza kudai vigezo hivyo viandikwe na viletewe ripoti. Mwaka 2000 Byrd na Warner walitaka fedha za askari wa Kosovo zikatwe baada ya tarehe 1 Julai 2001 bila idhini mpya ya Bunge, na Gavana Bush, akiwa mgombea anayetegemea kuirithi Ikulu, alipinga pamoja na Clinton. Pendekezo likaanguka, 47 kwa 53. Desemba 2009 Obama alipopeleka askari 30,000 zaidi Afghanistan akataja Julai 2011 kuwa mwanzo wa kuondoka, na waliolalamika kwa sauti kubwa kwamba adui amepewa kalenda walikuwa Warepublikani.

Kinachotabiri msimamo vizuri kuliko jina la chama ni jambo moja: Ikulu iko mikononi mwa nani.

Ukiamua kuandika vigezo, viandike hivi

Makosa ya 2007 yanatosha kuwa somo la ufundi.

Kigezo kimoja kibebe kitendo kimoja. "Kuunda kamati na kukamilisha mapitio" ni vigezo viwili. "Kutenga na kutumia" ni viwili pia.

Wapimaji wote wapewe kitenzi kile kile. Ukimwambia mmoja "maendeleo" na mwingine "kutimia", umeagiza ugomvi.

Chanzo cha takwimu kitajwe kabla ya kuanza: nani anahesabu mashambulizi, nani anaamua hili ni la kimadhehebu, na mwezi wa kuanzia ni upi. Bila mwezi wa kuanzia, kila mtu atachagua ule mbaya au mzuri kulingana na haja yake.

Mshale uandikwe: kikitimia nini, kisipotimia nini. Na kila kigezo kimtaje mhusika. Tume ya Jones ilifanya kazi iliyoeleweka kwa sababu iliulizwa swali dogo kuhusu vyombo vya usalama vya Iraq tu. Ikasema bila kuzunguka kwamba polisi wa taifa wavunjwe na kuundwa upya, na hakuna aliyebishana imesema nini.

Mwisho, acha nafasi ya kuongeza kigezo njiani, au Sahwa nyingine itapita pembeni ya orodha yako.

Kwa hali yako

Kama unajiandaa kwa mdahalo na umepewa upande wa Bunge, usitetee muswada wa 1591 kana kwamba vigezo vyake viliamua jambo. Mpinzani aliyeusoma atakuumbua. Tetea ripoti ya GAO, ambayo ina namba. Ukipewa upande wa Rais, silaha yako ni Sahwa na yale ya Februari 2008, na udhaifu wako ni ile mikoa 8 kati ya 18.

Kama wewe ni mtafiti wa kamati ya bunge katika nchi ambayo chama tawala kina wingi mkubwa, njia ya tatu haitapita, usipoteze wino. Njia ya pili inapita, na thamani yake yote iko kwa mkaguzi. Pigania mkaguzi awe wa Bunge na apewe swali la ndiyo au hapana. Kenya ina mlango wa kuanzia: Katiba ya 2010, ibara ya 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya jeshi kupelekwa nje. Novemba 2022 Bunge la Taifa liliidhinisha askari zaidi ya 900 kwenda mashariki mwa Congo katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinshasa ilitaka kikosi kipigane na waasi wa M23, makamanda waliona kazi yao ni kusimamia M23 irudi nyuma, na Desemba 2023 kikosi kikafungashwa kwa kuwa Congo haikutaka kuongeza muda. Idhini ya mlangoni ilikuwepo. Maana ya kufaulu haikuwa moja kwa wote.

Kama unaandika kuhusu Somalia ya leo, linganisha njia ya pili na ya nne kwa wakati mmoja. Azimio 2628 la Baraza la Usalama, Machi 2022, liliipa ATMIS, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, tarehe za kupunguza askari hatua kwa hatua hadi mwisho wa 2024. Hatua ya kwanza, askari 2,000 ifikapo Desemba 2022, ikasogezwa hadi Juni 2023. Iliyofuata nayo ikacheleweshwa kwa ombi la serikali ya Somalia, kwa sababu jeshi lake halikuwa tayari. Tarehe ilikuwa kwenye azimio, kigezo kilikuwa uwanjani, na kigezo ndicho kilichoshinda. Januari 2025 nafasi yake ikachukuliwa na kikosi kipya cha Umoja wa Afrika, AUSSOM, na askari wa Uganda wakaendelea kubaki.

Kama wewe ni mpiga kura tu na mgombea amekuja na ahadi ya "vigezo vya wazi", muulize maswali mawili: nani atapima, na kisipotimia utapigaje kura kwenye bajeti ijayo. La kwanza wengi hulijibu. Kwa la pili, mwombe akutajie namba ya kifungu.